Tumezawadiwa safari ya Sun City, na mume wangu anataka kubeba hela ya zabibu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kizota hapa Dodoma. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Nilianza na misumari na bawaba, leo nauza saruji, nondo na rangi. Mwaka huu kampuni moja ya rangi imenichagua miongoni mwa mawakala wake waliouza vizuri, na zawadi yenyewe ni safari ya Afrika Kusini kwa watu wawili, siku nne, katika ile hoteli kubwa ya kasino ya Sun City. Ndege wanalipa wao kuanzia Dar, chumba wanalipa wao, na wamesema chakula kipo. Tunaondoka mwezi wa saba. Sijawahi kupanda ndege maishani mwangu, Shangazi. Nilipopigiwa simu nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikalia.

Shida ni mume wangu. Ni mtu mwema, sitaki umfikirie vibaya. Ana ekari mbili za zabibu kule Mpunguzi na anazihudumia mwenyewe, kupogoa, kupiga dawa, kila kitu. Hanipigi, halewi, watoto wanampenda. Ila alikuwa mtu wa kubeti. Alianza na mikeka ya mpira, akahamia kwenye kile kindege cha kwenye simu, mpaka ikafika mahali pikipiki tuliyompa kijana wa bodaboda atuletee hesabu ikauzwa bila mimi kujua. Mambo yakaenda kwa wazee wa pande zote mbili na kwa mchungaji. Akaapa ameacha, na kwa kweli tangu hapo sijamwona na mkeka.

Sasa habari ya safari ilipofika, amebadilika. Usiku anaangalia video za watu wanaocheza ruleti, ule mchezo wa kasino wa gurudumu na mpira mdogo, kaziba masikio na hedifoni. Juzi natafuta kitabu cha risiti kwenye droo ya kaunta, nikakuta daftari la shule limejaa mwandiko wake. Kila ukurasa una safu mbili, moja kaandika NYEKUNDU, nyingine NYEUSI, na pembeni kuna tarakimu zinazojirudufu: elfu tano, elfu kumi, elfu ishirini, elfu arobaini. Nilipomuuliza hakuficha, tena alifurahi kunieleza. Anasema mpira ni bahati lakini ruleti ni hesabu. Ukiliwa unaweka mara mbili, ukiliwa tena unaweka mara mbili, siku rangi yako ikitoka unarudisha zote na faida juu. Anataka abebe hela ya zabibu za mwezi wa tatu ambayo kiwanda kimemlipa hivi karibuni, milioni tatu. Anasema tutarudi na milioni nane tumalize deni.

Nilipouliza deni gani, akasema la duka. Duka kweli lina mkopo wa benki, lakini marejesho nalipa mwenyewe kila mwezi na sijawahi kuchelewa. Wiki iliyopita pia walikuja vijana wawili na pikipiki wakimuulizia, nikawaambia yuko shamba, wakaondoka. Nadhani ni wateja wa zabibu.

Watu wa karibu nao wananichanganya. Dada yangu ameokoka, anasema Mkristo halali kwenye nyumba ya kamari hata kama amepewa bure, nikatae zawadi. Mimi nilikuwa nawaza nimwache mume nimchukue mdogo wangu wa kike, lakini mama mkwe kanijia juu, anasema nitakuwa nimemvua mwanawe nguo mbele za watu. Jirani yangu wa dukani anasema hoteli zile hakuna cha bure, utaletewa bili mlangoni mpaka ulie.

Naomba unisaidie. Nikatae? Nimwache? Au niende naye hela zote nishike mimi? Na hiyo hesabu yake ni ya kweli? Mimi ni wa darasa la saba, tukibishana ananishinda maneno. Halafu, samahani kwa swali la kitoto, mtu anavaa nini mahali kama pale?

Mama wa wawili,
Kizota, Dodoma


Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kutoka kwenye bawaba mpaka kukatiwa tiketi ya ndege na kampuni siyo jambo dogo, na sitaki daftari la mtu likuharibie furaha hiyo kabla hujaionja.

Zawadi usiikatae. Dada yako nampa heshima yake, na mtu ambaye dhamiri inamsuta asilazimishwe, lakini nadhani anawaza jengo moja la kamari lenye vitanda ndani. Sun City ni kama mji mdogo wa starehe katikati ya milima, jimbo la Kaskazini Magharibi, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Johannesburg. Kuna hoteli nne, viwanja viwili vya gofu, mabwawa ya kuogelea, bustani, na kumbi za mikutano ambazo ndizo huvuta makampuni kupeleka watu wao. Imepakana na hifadhi ya Pilanesberg, ambako tembo na vifaru wanaishi ndani ya mabaki ya volkano iliyozimika zamani za kale. Familia zinakwenda pale na watoto na kurudi makwao bila kugusa mashine hata moja. Kulala pale hakukufanyi mcheza kamari, kama vile kupanga chumba jirani na kilabu cha pombe kusivyomlewesha mtu.

Lakini ujue pia kwa nini kasino ilijengwa huko porini. Sun City ilifunguliwa Desemba 1979 na tajiri wa mahoteli, Sol Kerzner, wakati ambapo sheria za Afrika Kusini ya makaburu zilikataza kasino. Eneo lile lilihesabiwa kuwa nchi nyingine, Bophuthatswana, moja ya vile vijinchi ambavyo utawala wa ubaguzi ulivibuni ili kuwatenga Waafrika, na ambavyo dunia ilikataa kuvitambua. Kwa hiyo watu wa Johannesburg walikuwa wakiendesha gari saa mbili kwenda kucheza kilichokatazwa kwao. Wanamuziki wengi wa dunia walisusia jukwaa la pale kwa sababu hiyo. Ile hoteli yenye minara na sanamu za tembo utakayoiona kwenye picha, Palace of the Lost City, ilikuja 1992, zama za ubaguzi zikielekea ukingoni. Ukifika uangalie marumaru yale na maporomoko yale ya maji kwa makini. Hayakujengwa na watu waliorudi kwao na milioni nane.

Sasa tuje kwenye daftari. Usijidharau kwa darasa la saba. Mtu anayejua mfuko mmoja wa saruji unamwachia shilingi ngapi baada ya usafiri na kodi anaweza kuielewa ruleti kuliko mumeo.

Gurudumu lina namba 1 mpaka 36, nusu nyekundu na nusu nyeusi, halafu kuna sifuri ya kijani. Jumla ni vyumba 37. Chukua mfano huu. Weka elfu moja juu ya kila namba, sifuri ikiwemo, usiache hata moja. Umetoa elfu 37. Mpira lazima utue mahali, kwa hiyo lazima ushinde. Namba iliyotoka inalipwa 35 kwa moja, na ile elfu yako uliyoiweka hapo unarudishiwa, jumla elfu 36. Umeshinda na umeliwa elfu moja kwa wakati mmoja. Hakuna sumaku chini ya meza wala mtu aliyekuibia. Kuna magurudumu mengine yenye sifuri mbili, vyumba 38, na malipo ni yale yale, kwa hiyo hapo unaliwa elfu mbili. Kwenye rangi mambo ni hayo hayo: mumeo akichagua nyekundu, ana vyumba 18 vya kwake na 19 vya kumla. Kile cha ziada ndicho kinacholipa mishahara na umeme wa kasino, mwaka baada ya mwaka.

Haya, fuata safu yake ya tarakimu mpaka chini. Elfu tano, kumi, ishirini, arobaini, themanini, laki na sitini, laki tatu na ishirini. Akiliwa mara saba mfululizo ameshatoa 635,000. Mzunguko wa nane anatakiwa aweke 640,000, na rangi yake ikitoka, faida yote baada ya jasho hilo ni shilingi elfu tano, ile aliyoanza nayo. Kuliwa mara saba mfululizo kunatokea, kwa wastani, kama mara moja katika kila majaribio mia moja hivi. Unaweza kusema ni mara chache. Lakini yeye anataka milioni tatu izae milioni tano juu yake. Kwa faida ya elfu tano tano, anatakiwa akamilishe mzunguko wake wa ushindi mara elfu moja. Mara elfu moja, mwanangu, wakati balaa lenyewe linapita kila baada ya mia! Na akiliwa mara tisa, ameshatoa 2,555,000; raundi ya kumi hana hela ya kuiweka. Tena huenda hata asifike huko, kwa sababu kila meza ina kibao kinachotaja kiwango cha juu cha kuweka, na ukikifikia huruhusiwi kuongeza hata kama mfuko umejaa.

Mwambie pia kuhusu Monte Carlo, kule Monaco, Ulaya. Tarehe 18 Agosti 1913 katika kasino ya pale, mpira ulitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walimwaga fedha kwenye nyekundu, kila raundi wakisema sasa ni zamu yake, na wakafilisika pale pale mezani. Gurudumu halijui limetoa nini raundi iliyopita. Ile safu ya NYEKUNDU na NYEUSI aliyoijaza kurasa nzima haitabiri chochote.

Akishindwa hapo atakuambia basi ataachana na ruleti acheze mashine. Ni dubwi zile zile za vibandani, isipokuwa hizi zimewekwa kwenye zulia na kiyoyozi. Ndani kuna kompyuta inayochagua matokeo upya kila unapobonyeza, kwa hiyo hakuna mashine iliyojaa na kukaribia kutapika. Ukisimama nyuma ya mtu anayecheza utaona jambo moja: ameweka kumi, mashine inamrudishia nne, taa zinawaka na muziki wa ushindi unapigwa. Kapoteza sita na anapongezwa. Tena kiwango kinaandikwa kwa alama, si kwa fedha, ili usione hela ikiondoka. Tuseme mashine inarudisha 95 katika kila 100. Mtu anayebonyeza kwa shilingi elfu moja, mara kumi kwa dakika, anapitisha laki sita kwa saa, na kwa wastani elfu thelathini inabaki ndani. Kwa saa moja tu, na watu hukaa hapo usiku kucha, maana kumbi nyingi za kasino hazina dirisha wala saa ukutani.

Hesabu imekwisha, lakini sidhani kama hesabu ndiyo itakayomzuia mumeo. Katika barua yako kuna mistari uliyoipita mbio, na mimi nimeisoma tena na tena.

Anasema deni ni la duka. Wewe ndiye unayelipa mkopo wa duka na hujachelewa. Kwa hiyo ana deni lingine. Halafu wamekuja vijana wawili na pikipiki, wakamuulizia, hawakuacha jina wala namba. Zabibu za Mpunguzi mmeshavuna mwezi wa tatu, na zinazofuata ni za mwezi wa nane na wa tisa. Mteja wa zabibu anatafuta nini dukani Kizota wakati huu? Sina uhakika, na sitaki umvamie kwa maneno yangu. Ila hivyo ndivyo wanavyokuja watu wa kausha damu, na wewe mfanyabiashara unajua.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Mtu anayeingia kasino na hela kidogo ya kuangalia mambo, ikiisha anacheka na kwenda kulala. Mtu anayeingia akiwa na deni la kulipa hawezi kuinuka mezani. Akishinda, bado haijatosha. Akiliwa, lazima arudishe. Kasino inauza burudani, na bei ya burudani ni ile hela utakayoiacha pale. Mumeo anakwenda kutafuta mtaji kwa muuza burudani. Angekuwa hana deni ningekuandikia majibu mafupi tu.

Kwa hiyo mazungumzo mnayoyahitaji ni ya hapa Dodoma, kabla ya safari. Usiyafanye mbele ya wazee, kwa sababu mbele ya wazee alishaapa, na mtu aliyeapa atatetea kiapo kuliko kusema kweli. Nenda naye shambani siku moja, duka mwachie mtu. Usimuulize kama ana deni. Muulize: "Baba fulani, wale vijana wa pikipiki wanadai kiasi gani?" Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa lawama za pikipiki iliyouzwa. Akikutajia, muulize na riba, na muulize ameweka nini dhamana. Kama ni nyumba mnayoishi, ujue Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuiweka rehani bila ridhaa yako. Na mkopeshaji yeyote anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Asiye nayo usimwogope kama hakimu, nenda ukaulizie haki zako.

Ile milioni tatu isitoke Dodoma. Ilipe kwanza deni la riba kali, maana hilo linakua mkiwa mmelala, na kitakachobaki kinunue dawa na mbolea ya msimu wa mwezi wa nane. Ilipwe mkiwa wawili, mpewe karatasi iliyosainiwa. Ikiwa deni ni kubwa kuliko hela, mpatane ratiba ya kulipa. Ni jambo la aibu na la kuchosha, lakini lina mwisho.

Umeuliza kama ushike wewe hela zote huko. Hapana. Utageuka askari wa mume wako kwa siku nne, na safari uliyoitolea jasho itakuwa zamu ya lindo. Tena haitasaidia; mtu mwenye simu anaweza kukopa na kutumiwa hela akiwa popote. Kila mmoja abebe posho ndogo yake, ya zawadi za watoto na soda, na mjue kiasi hicho wote wawili.

Je, umchukue? Akikueleza ukweli na hela ikaenda kwenye deni kabla ya safari, nenda naye. Mtu aliyekubali kufunua daftari la madeni anastahili kupelekwa kuona dunia na mke wake. Akikataa kusema, au akashikilia kwamba hela ya zabibu lazima ipande ndege, basi mchukue mdogo wako bila kusita. Mama mkwe umwambie kwa heshima, "Mama, nimemwacha kwa sababu sitaki aliwe hela ya shamba," basi, usiongeze neno. Tiketi ni jasho lako na jina lililochaguliwa na kampuni ni lako. Amua mapema, kabla hawajaandika majina ya wasafiri, kwa sababu jina likishaingia kwenye tiketi ya ndege kulibadilisha ni shida.

Na mkienda pamoja, asiingie ukumbi wa kasino hata kuchungulia. Mtu aliyeuza pikipiki ya familia kwa ajili ya kindege hana "kidogo tu". Hili silisemi kwa kumdharau. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, ile inayotumika tangu 2022, na nyinyi watu wa Dodoma mna bahati ya kuwa jirani na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Najua jina hilo mtaani linavyotumiwa kutukania watu. Lisiwazuie. Kwenda kuzungumza na mtaalamu kuhusu kamari ni matibabu kama ya presha, na ningependa aende kabla ya safari kuliko baada yake. Huko Afrika Kusini pia, sheria yao ya kamari ya 2004 inampa mtu haki ya kujiandikisha azuiwe kuingia kasino. Akitaka mwenyewe, anaweza kuomba siku ya kwanza tu mkifika.

Kuna jambo dogo litakalokusaidia sana. Ukumbi wa kasino uko kwenye hoteli inayoitwa Soho. Waombe waandaaji chumba chenu kiwe Cabanas au Cascades. Cabanas iko upande wa ziwa na ndiyo inayopendwa na familia. Hivyo hamtapita karibu na mashine kila mkitoka kula. Saa za hatari ni baada ya chakula cha usiku, kwa hiyo kila asubuhi muwe na jambo la mapema la kuwalaza mapema. Gari za kwenda kuona wanyama Pilanesberg huondoka alfajiri, na mtu anayeamka saa kumi na moja hana nguvu ya kukesha. Mkitaka kuona lile bwawa lenye mawimbi ya kutengenezwa na mchanga wa pwani wa bandia, ulizeni kwanza kama liko wazi, kwa sababu mwezi wa saba kule ni kipupwe.

Jirani yako kuhusu bili ana ukweli wake. "Chakula kipo" inaweza kuwa chai ya asubuhi peke yake au milo yote mitatu. Waulize kampuni wakujibu kwa maandishi. Hoteli kubwa huomba kadi au amana ya fedha ukifika, hata kama chumba kimelipiwa, kwa ajili ya vitu utakavyotumia wewe. Ulizeni nani anaitoa. Vinywaji na karanga vilivyopangwa ndani ya friji ya chumbani ni vya kuuzwa, tena kwa bei kali, na kufuliwa nguo kunalipiwa. Usisaini karatasi yoyote ya mgahawani bila kusoma. Siku ya kuondoka omba bili usiku uliotangulia, uipitie kama unavyopitia hati ya mzigo wa nondo. Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi Afrika Kusini, ila pasipoti iwe hai na iwe na kurasa tupu. Kama hamna, anzeni Uhamiaji wiki hii hii. Ni 150,000 kwa mtu.

Na swali lako la nguo si la kitoto hata kidogo. Vaa kama unavyokwenda kwenye sherehe ya mtu unayemheshimu: kitenge chako kilichoshonwa vizuri, gauni moja la jioni, viatu vya kutembea maana eneo ni kubwa, ingawa kuna mabasi ya ndani. Beba sweta nzito mbili na kofia, usidanganyike na neno Afrika. Baridi ya kule alfajiri inaishinda hii yetu ya Dodoma, na gari la kuangalia wanyama halina vioo. Leso ya kujifunga magotini itakufaa sana.